Baa za kokteli za kizamani Japani: zilikotoka, zinavyofanya kazi, na namna ya kukaa kaunta

MzeeWaBandari

Wakuu, heshima kwenu.

Wengi tunaijua Yokohama kwa ajili ya magari. Gari linanunuliwa mnadani, linapakiwa melini, linashuka Dar au Mombasa likiwa bado na vibandiko vya Kijapani kwenye kioo. Kazi hiyo ndiyo iliyonileta huku hata mimi. Ila bandari hiihii iliingiza Japani kitu kingine ambacho leo Wajapani wanakifanya kwa ustadi wa kupigiwa mfano, nacho ni kokteli, yaani vinywaji vya kuchanganya. Nimekaa kwenye kaunta za baa za kizamani Yokohama, Ginza (mtaa wa Tokyo) na Kobe, nimeangalia, nimeuliza, na kwa kuwa sijaona mtu akiyaandika haya kwa Kiswahili, nimeona niyaweke hapa. Nitakwenda vipande vipande, maswali ruksa.

Tuanze na asili yake. Yokohama ilifunguliwa kwa meli za kigeni mwaka 1859. Wageni wakaja na hoteli, hoteli zikaja na baa. Kwenye miaka ya 1890 Grand Hotel ya pale bandarini iliongozwa na Louis Eppinger, Mjerumani aliyetokea San Francisco. Yeye ndiye anayetajwa kuwa baba wa kokteli iitwayo Bamboo: sheri kavu (divai ya Kihispania iliyoongezwa nguvu), vermuthi kavu (divai yenye viungo) na matone machache ya bitazi ya machungwa (kiungo kichungu kilicholowekwa kwenye pombe). Ni nyepesi, haina pombe kali, na unaweza kuinywa kabla ya chakula bila kupoteza hamu ya kula. Tetemeko la Septemba 1923 liliiangusha Grand Hotel. Mwaka 1927 ikafunguliwa Hotel New Grand, ile inayotazamana na bustani ya Yamashita, na ukiingia leo kwenye baa yake ukaomba Bamboo, inakuja.

Sasa angalieni tarehe. Kuanzia 1920 hadi 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima. Baa zikafungwa, mafundi wake wakatawanyika, wengine Ulaya, wengine Kuba, wengine wakabadili kazi kabisa. Miaka hiyohiyo Tokyo ilikuwa inazidi kufungua baa. Lupin ya Ginza ilifunguliwa 1928. Chama cha mabatenda (wachanganyaji wa vinywaji) wa Japani kilianzishwa 1929. Kwa hiyo ufundi uliokatika kule ulikotoka, huku ulikuwa unashika mizizi, na fundi akamrithisha mwanafunzi wake. Ndiyo maana unaweza kukutana na mzee wa miaka sabini aliyevaa koti jeupe na tai, anakuchanganyia Sidecar (kokteli ya brandi) kwa vipimo alivyoachiwa na mwalimu wake.

Naendelea jioni.

Mwana_Mikocheni

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Shusha madini.

DadaSalma_Unguja

Assalaam alaykum. Mie kinywaji situmii, lakini historia naipenda. Hiyo Lupin ndiyo ile yenye picha ya mwandishi aliyekaa juu ya kigoda miguu kaipandisha?

MzeeWaBandari

Waalaykum salaam dada Salma. Ndiyo hiyohiyo. Mwandishi ni Dazai Osamu, na aliyempiga picha ni Hayashi Tadahiko, mwaka 1946, vita ikiwa imeisha mwaka uliotangulia. Baa ipo chini ya ardhi, kwenye kichochoro nyuma ya mitaa mikubwa ya Ginza. Waandishi wengi walikuwa wanakutana pale, wakiwemo Sakaguchi Ango na Oda Sakunosuke. Ukiwa umeiona ile picha, ukifika utaitambua kaunta mara moja.

Kapelo_Mbeya

Mkuu tuambie mtu anaingiaje. Mimi nikiona mlango umefungwa, hauna dirisha, siingii. Kwetu baa unaiona kabla hujafika, muziki unakuita.

MzeeWaBandari

Swali zuri, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Baa nyingi hazina dirisha. Ziko ghorofa ya sita au chini ya ardhi, mlangoni kuna kibao kidogo cha shaba, basi. Mlango mzito wa mbao. Ukiusukuma, watu wote ndani wanajua umeingia.

Usiende kukaa moja kwa moja. Simama hapohapo mlangoni, onyesha kwa vidole mko wangapi. Mmoja au wawili ndiyo idadi nzuri. Mkiwa wanne mnaweza kuambiwa hakuna nafasi hata kama mnaona viti vitupu, na msichukulie kuwa ni dharau. Kaunta yenyewe inaweza kuwa na viti nane, na kundi moja linaloongea kwa sauti linageuza baa nzima kuwa yake. Batenda anawalinda wale waliotangulia kufika.

Ukionyeshwa kiti, unapewa kitaulo kilichokunjwa, cha moto wakati wa baridi. Futa mikono. Wengine wanaletewa kibakuli kidogo: karanga, kipande cha jibini, pengine supu ya kikombe. Hukukiagiza, lakini kimo kwenye bili. Ni ada ya kukaa, mara nyingi yen 500 hadi 1,500 kwa mtu, na Ginza inaweza kupita hapo. Mgeni asiyejua huishia kubishana wakati wa kulipa. Sasa mnajua.

Baa nyingi hazina menyu. Bar High Five ya Ginza, aliyoifungua Hidetsugu Ueno mwaka 2008, inajulikana kwa hilo. Anakuuliza: unapenda kinywaji kirefu au kifupi? Kichachu, kitamu au kichungu? Kikali au chepesi? Kuna pombe usiyoipenda? Mjibu kwa ukweli. Kama bajeti yako ni glasi mbili, mwambie mbili, atakupangia ipi itangulie. Kama hujui kabisa cha kuagiza, omba kinywaji cha tunda la msimu. Majira ya machipuko ni stroberi, wakati wa joto pichi, na vuli ikifika wengi hutengeneza Jack Rose (kokteli ya brandi ya tufaha) kwa komamanga zilizokamuliwa palepale. Hapo huwezi kukosea.

Baada ya hapo weka simu mfukoni, angalia mikono yake.

Jirani_Nyali

Hamjambo wenzetu wa Bongo. Mimi nashika kaunta kwenye hoteli moja hapa Mombasa, kwa hivyo huu uzi umenigusa. Ndugu, nieleze mambo mawili: barafu na kutikisa. Huku barafu yetu inatoka kwa mashine, ina shimo katikati, ukiitia kwa sheka (chombo cha kutikisia) inavunjikavunjika na kinywaji kinakuwa maji. Nasikia Wajapani wanaikata kwa kisu. Ni kweli ama ni maonyesho ya video tu?

MzeeWaBandari

Jirani, hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Ni kweli kabisa, na kama ningeruhusiwa kuwafundisha watu jambo moja tu kuhusu baa hizi, ningechagua barafu.

Kuna viwanda vinavyogandisha maji yaliyochujwa taratibu sana, kwenye nyuzi kama 10 chini ya sifuri, huku maji yakichezeshwa na hewa yasitulie. Inachukua saa 48 na kuendelea. Ukigandisha haraka, hewa na madini vinanaswa ndani na barafu inakuwa nyeupe. Ukigandisha polepole, uchafu unasukumwa kwenye maji ambayo bado hayajaganda, unaondolewa, na unabaki na mche wa kilo 135 unaong'aa kama kioo. Unakatwa kwa msumeno, maduka ya barafu yanapita kwenye mabaa alasiri kabla hayajafunguliwa na kugawa vipande.

Pale baa, batenda anavichonga. Kwa kisu au kwa sindano ya chuma, anatoa mpira wa kutosha glasi ya wiski, au pande refu la kusimama kwenye glasi ya soda, au vipande vya pembe nyingi kama almasi. Ueno ndiye anayetajwa zaidi kwa hizo almasi. Pande kubwa lina eneo dogo linalogusa kinywaji ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo linapoza bila kuyeyuka ovyo. Tena halina hewa ndani, kwa hiyo halipasuki kwenye sheka. Kabla ya kulitumia analiacha nje kidogo hadi uso wake uwe na unyevu, kwa sababu barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza ikimwagiwa kinywaji hupasuka.

Sasa kwa wewe wa Nyali. Chukua kile kiboksi cha kubebea samaki au soda kinachotunza baridi. Jaza maji safi, kiingize kwenye friza kikiwa WAZI, bila mfuniko. Kwa kuwa pembeni na chini kumezibwa, maji yataganda kuanzia juu kwenda chini. Kitoe kabla chini hakujaganda, mwaga maji yaliyobaki. Juu utapata bamba safi kabisa. Likate kwa kisu cha meno, taratibu, ukigonga mgongo wa kisu. Jaribu hata kabla hujamwambia meneja.

Jirani_Nyali

Hii nitafanya wikendi. Asante sana. Na kutikisa?

MzeeWaBandari

Kwanza, sheka yao ni ya vipande vitatu, yenye chujio ndani na kofia juu. Hawatumii sana ile ya bati mbili mnayoiona kwenye hoteli za Kimarekani.

Jina kubwa kwenye kutikisa ni Kazuo Uyeda, aliyefanya kazi miaka mingi Shiseido Parlour, mkahawa wa Ginza, kabla ya kufungua baa yake, Tender, palepale Ginza mwaka 1997. Alibuni mtikiso wake mwenyewe, sheka inapinda na kuzunguka mkononi ili barafu igonge kila upande wa chuma. Lengo lake ni kuingiza vipovu vidogo sana vya hewa, ili ukali wa pombe usikuchome ulimi. Kuna waliopinga. Dave Arnold, mtaalamu wa vinywaji wa New York, alipima joto na kiasi cha maji yanayoingia, akaonyesha kwamba ukitikisa kwa nguvu ya kutosha, mtindo unabadilisha vitu hivyo viwili kidogo mno. Mimi naona wote wana haki, kwa sababu Uyeda alikuwa anazungumzia jinsi kinywaji kinavyokaa mdomoni, na kipimajoto hakipimi hilo. Nimekunywa Gimlet (kokteli ya jini na ndimu) zilizotikiswa kwa mtindo huo: juu kuna vipande vya barafu vyembamba vinavyoelea, na kinywaji ni laini kwa namna ambayo sijaikuta kwingine.

Kwa kukoroga, utaratibu wao ni huu: barafu inawekwa kwenye glasi ya kukorogea, inamwagiwa maji, inazungushwa, maji yanamwagwa. Hiyo inaondoa vumbi la barafu na kona kali. Ndipo pombe inaingia. Kijiko kinazunguka kikiwa kimegusana na ukuta wa glasi, husikii kitu. Kila kitu kinapimwa kwa kipimo, hata kwa mtu mwenye miaka arobaini kazini.

Chuma_Chakavu

Mkuu nakuheshimu na uzi ni mzuri, lakini lazima niseme ninachoamini. Nimeangalia bei zao. Yen 1,800 kwa glasi moja, hiyo ni kama elfu thelathini ya kwetu, na bado ada ya kiti, na bado kodi. Glasi yenyewe inaisha kwa mafunda manne. Mtu anakunywa kipato cha siku kadhaa cha bodaboda. Mimi naona ni starehe ya wenye nacho, na mapambo yote haya ya barafu ni sababu ya kupandisha bei.

MzeeWaBandari

Nakuelewa, na bei hizo ni za kweli, sitazipunguza. Lakini hebu tupige hesabu ya upande wa pili wa kaunta.

Viti nane. Kila kinywaji kinatengenezwa kimoja kimoja, hakuna mtungi uliochanganywa mchana. Anayetengeneza ameanza kazi akiosha glasi, akipangusa chupa, akichonga barafu, na inaweza kupita miaka kabla hajaruhusiwa kumtikisia mteja. Baadhi ya baa ni za mtu mmoja, yeye ndiye mpishi, mhasibu na mfagiaji. Hakuna bakshishi. Japani hutoi, na ukiacha hela mezani anaweza kukufuata mpaka kwenye lifti akurudishie. Kwa hiyo kile kilichoandikwa kwenye bili ndicho anachoishi nacho, na kodi ya chumba Ginza mnaijua.

Anachokuuzia ni umakini. Kwa dakika tano hizo hakuna kitu kingine duniani anachofikiria isipokuwa glasi yako, kama fundi wa milango ya Zanzibar anapochonga ua moja. Ameona umetumia mkono wa kushoto, glasi anaiweka kushoto. Ameona umetoka juani, glasi ya kwanza anaifanya ndefu. Mimi naamini kabisa jambo hilo lina thamani, na mtu ana haki ya kuliwekea bei.

Ila si lazima uanzie Ginza. Nenda Asakusa, hukohuko Tokyo, kuna Kamiya Bar, iliyoanzishwa mwaka 1880. Pale ni ukumbi wa meza, wazee wanaongea kwa sauti, wanakula, wanakunywa Denki Bran, brandi ya mchanganyiko ya kwao wenyewe, kwa bei ya chini sana ukilinganisha na Ginza.

Mama_Kaunda

Naomba niongeze. Nilisoma Osaka, sasa nimerudi Dodoma. Huko Kansai (eneo la Osaka, Kobe na Kyoto) mambo ni mepesi kidogo kuliko Tokyo. Kuna ukoo wa baa unaoitwa Samboa, ulianzia Kobe mwaka 1918, na wanafunzi waliofuzu wakaruhusiwa kufungua za kwao kwa jina hilohilo Osaka, Kyoto na kwingineko. Kinywaji chao ni wiski na soda, BILA barafu. Wiski imepoozwa, soda imepoozwa, glasi imepoozwa, inamwagwa yote kwa mkupuo, kisha ganda la limau linakamuliwa juu. Unaweza kunywa umesimama, unaweka mguu kwenye bomba la shaba pale chini. Unakunywa, unalipa, unaondoka.

Kwa wadada wanaouliza kimoyomoyo: nilikuwa naingia peke yangu, na kwenye baa za aina hii sikuwahi kusumbuliwa. Batenda ndiye anayesimamia kaunta yake. Mteja akianza kumzonga mwenzake, anamkatiza kwa adabu, na asiposikia anapewa bili. Hatari iko kwingine kabisa. Ukiwa Kabukicho au Roppongi, mitaa ya starehe za usiku Tokyo, mtu akikufuata barabarani akikuambia njoo baa nzuri, usimfuate. Huko watu wanabambikiwa bili za ajabu, wengine wanatiliwa dawa kwenye glasi. Baa ya kweli ya kaunta haitumi mtu barabarani kuvuta wateja.

Kapelo_Mbeya

Asante mama, hili ni muhimu kuliko kokteli.

DadaSalma_Unguja

Kaka Mzee, nijibu na mie. Asiyekunywa ataingia? Au atatazamwa kama kapotea njia?

MzeeWaBandari

Ataingia, tena atahudumiwa kwa uzito uleule. Mwambie tangu mwanzo kwamba hunywi pombe hata tone, usiseme "kidogo". Atakutengenezea Cinderella: juisi ya machungwa, ya limau na ya nanasi, sawa kwa sawa, inatikiswa kwenye sheka kama kokteli nyingine yoyote. Siku hizi ukisema unataka tunda la msimu bila pombe, wengi wanajua la kufanya.

Lakini dada, kuna jambo uangalie. Kuna kinywaji kiitwacho Florida, kinahesabiwa kuwa hakina pombe, ni juisi ya machungwa, limau na sukari, ila kwa kawaida kinawekwa matone ya bitazi ya Angostura. Ile bitazi ina pombe asilimia 44.7. Matone ni machache, lakini kwako wewe si suala la uchache. Mwambie aiache.

DadaSalma_Unguja

Allah akulipe kheri. Hilo la bitazi watu wengi hawalijui.

Mwana_Mikocheni

Mkuu, kuna kokteli ambayo ni ya Wajapani wenyewe, isiyotoka Marekani wala Ulaya?

MzeeWaBandari

Zipo, na ninayoipenda ni Yukiguni. Nayo haikutokea Tokyo. Ilitokea Sakata, mji wa bandari mkoani Yamagata, kaskazini kwenye theluji. Mwenye nayo ni Keiichi Iyama, aliyekuwa na baa ndogo iitwayo Kern, na mwaka 1959 akashinda nayo shindano la kokteli la Kotobukiya, kampuni ambayo baadaye ikawa Suntory. Miaka hiyo Kotobukiya ilikuwa ikisambaza baa za wiski ya Torys nchi nzima, na watu wa kipato cha kawaida ndipo walipoanza kuzoea kaunta.

Ni vodka, kuraso nyeupe (pombe tamu ya maganda ya machungwa) na ndimu ya chupa yenye sukari, vinatikiswa, vinamiminwa kwenye glasi ambayo mdomo wake umepakwa sukari. Chini kuna cheri ya kijani ya nanaa. Sukari inakuwa theluji, cheri inakuwa jani linalochungulia. Mzee Iyama aliendelea kuitengeneza kwa mkono wake akiwa amevuka miaka tisini, watu wakisafiri kwa treni kutoka Tokyo kwa ajili ya glasi hiyo. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 95. Nikiikuta mahali popote naiagiza, na namtaja.

Chuma_Chakavu

Hiyo ya mzee wa Sakata imenilainisha. Basi nikija huko mwakani kufuata mzigo, nianzie wapi, siku gani, na nijiandae na nini?

MzeeWaBandari

Karibu sana ndugu yangu. Usije Jumapili, baa nyingi za Ginza hufungwa siku hiyo. Fika wanapofungua, saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, kaunta ikiwa tupu na batenda ana muda wa kuongea. Kama unaona haya kusukuma mlango usioujua, anza na baa ya hoteli. Pale Hotel New Grand, Yokohama, au Old Imperial Bar ndani ya Imperial Hotel, Tokyo. Hiyo ya pili imehifadhi kipande cha ukuta wa jengo la zamani la hoteli hiyo, alilolichora msanifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright, lililofunguliwa siku ileile ya tetemeko, tarehe 1 Septemba 1923, na halikuanguka siku hiyo.

Beba pesa taslimu. Usijipulizie manukato mengi, watu pale wananusa vinywaji vyao. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Umri wa kunywa ni miaka 20, hata kama utu uzima kisheria sasa ni 18. Kinywaji kifupi kinywe kingali baridi, usikiache dakika ishirini huku unapiga soga. Na glasi mbili zikiisha, watu wakiwa wamesimama mlangoni wanasubiri, omba bili.

La mwisho linatuhusu sana sisi wa magari. Ukienda baa, gari liache. Usipande hata baiskeli, maana tangu Novemba 2024 adhabu ya kuendesha baiskeli ukiwa umekunywa imekazwa. Sheria inamfikia pia abiria aliyepanda akijua dereva amekunywa, na aliyemuuzia kinywaji akijua ataendesha. Kwa hiyo batenda akikuuliza umefikaje pale, mjibu kweli, kwa sababu leseni na riziki yake vimo kwenye jibu lako.